Mseto wa Maziko

Bi Sheikha Khatib hajawahi kutia mguu Australia, lakini ukimwamsha usingizini atakutajia waziri wa maji wa kila jimbo la huko, na aliyekuwepo kabla yake, na sababu iliyomwondoa. Si kwa mapenzi, ni kazi. Mwaka wa kumi na tisa huu yumo katika ofisi ndogo karibu na Holborn inayotoa kitabu kinene cha serikali za dunia, na siku aliyoajiriwa alipewa meza ambayo hakuna mwingine aliyeitaka, meza ya Australia na visiwa vya Pasifiki. Serikali ikibadilika huko, yeye hufuta majina na kuandika mengine. Anajua nani kapewa barabara, nani kanyang'anywa elimu, nani kaachwa nje na sasa anasema anataka muda wa kukaa na wanawe.

Umri wake miaka hamsini na saba. Ni mjane wa siku nyingi, binti yake mmoja kaolewa Birmingham, na yeye anakaa Walthamstow, nyumba ya tatu kutoka kona, nyuma ya lile soko refu. Baba yake alikuwa mtu wa Malindi, Unguja Mjini. Mama yake alikuwa mtu wa Wete, Pemba. Kwa wengine nasaba ya namna hii ni jambo la kuulizwa harusini tu na kusahauliwa. Kwake ndiyo iliyomtia kifungoni, na nitaeleza ilivyokuwa.

Wazanzibari wa London walikuwa na chama kimoja cha maziko tangu siku za mwanzo za ukimbizi. Chama cha kabati moja, ndani yake sanda, kafuri, udi na mabirika ya kuoshea maiti. Kisha wakagombana. Ukiwauliza waligombania nini utapata majibu kama kumi, kila moja na kiapo chake. Mimi naamini walichokana tu, kama watu wanavyochokana wakikaa karibu mno kwa miaka mingi ugenini. Wakagawana. Watu wa Mjini wakabaki na makaburi, kwa kuwa yaliandikwa kwa jina la mwenyekiti wao, Bi Zahra, mwanamke mrefu mwenye ulimi wa wembe. Wapemba wakaondoka na kabati, na waosha maiti wote wa kike wakawafuata, kwa kuwa walikuwa dada na mashemeji wa mwenyekiti wao, Mzee Amir Hilali. Basi huku kuna makaburi hakuna waoshaji, kule kuna waoshaji hakuna makaburi. Na kila upande ukijiona umeshinda!

Mauti hayasubiri watu wapatane. Mwaka wa sita wa ugomvi akafariki mke wa Jaffar Suleiman. Jaffar ni fundi umeme, mtu wa Mjini, anakaa Harrow, mpole kiasi kwamba akija kutengeneza taa humwomba radhi mwenye nyumba kwa kupanda ngazi. Mkewe alifariki Alhamisi. Kaburi lilikuwepo, mwoshaji hakuna. Mzee Amir akasema waoshaji wake watakwenda, ila Zahra aje mwenyewe kuomba, kwa adabu. Bi Zahra akasema afadhali azikwe yeye. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita, na Jaffar akishinda kwenye mlango wa chumba cha kuoshea maiti, anasimama, anakaa, anasimama tena. Sisi tunaojua kwamba maiti hulazwa kaburini siku ile ile, au ya pili yake, tunajua maana ya siku nne.

Jumatatu asubuhi Bi Sheikha aliomba ruhusa kazini. Alifungua sanduku lake chini ya kitanda akatoa sanda yake mwenyewe, ile ambayo mama yake alimletea kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya zamzam, ameiweka kwa ajili ya siku yake kama walivyoweka wanawake wote wa kwao. Akamchukua binti yake amshikie birika. Akamwosha mke wa Jaffar, akamvisha sanda ile, akatoka na macho mekundu, akamwambia Jaffar, "Haya, mchukueni."

Aibu ile iliwatoa watu nyumbani. Jumapili iliyofuata wote walikusanyika katika ukumbi ulio juu ya duka la mazulia, Wapemba upande wa dirisha, watu wa Mjini upande wa mlango. Kila mtu alitaka umoja, na hakuna aliyejua uandikwe vipi. Mfano wa serikali ya mseto ya nyumbani haukutajika hata kwa bahati mbaya, maana kila mtu mle ndani ana donda lake juu ya siasa za nyumbani na hataki liguswe. Ndipo Bi Sheikha, maskini ya Mungu, akanyanyua mkono.

"Mimi kazini nina jimbo moja la Australia," alisema, kama mtu anayesema ana kuku uani. "Kuna chama kikubwa cha watu wa mjini na chama kidogo cha wakulima. Hawapendani hata kidogo. Lakini wanatawala pamoja, kwa sababu kila kitu kimeandikwa."

Akawaeleza. Waziri kiongozi wa jimbo hutoka chama kikubwa, naibu wake hutoka kwa wakulima. Hazina kwa hawa, kilimo na barabara za mashamba kwa wale. Viti vya baraza vimegawanywa kabla hayajatajwa majina, ili pasiwe na mtu wa kuumia kwa jina lake. Na kwa kuwa hata hivyo hawaaminiani, katikati yao wamemweka mbunge mmoja asiye na chama, mwanamke kutoka wilaya ya mbali, wakampa wizara ya maji. Mkataba wao unasema huyo asiegemee upande wowote, na siku atakayotoka, mseto wote umevunjika. Hivyo kila upande unamtunza kama yai.

Wazee waliipenda habari ile kupita kiasi. Mzee Amir aliomba airudie pale pa wizara ya maji. Mpaka magharibi walikuwa wameshaandika mkataba wa chama, na mwandishi ni Bi Sheikha mwenyewe kwa mkono wake. Nafasi nane, nne huku nne kule. Kifungu cha tisa kikasema: Katibu awe mtu asiye wa upande wowote. Akiondoka, au akiegemea upande mmoja kwa undugu, ndoa au maneno, mseto umekufa, na kila upande urejee na vyake. Kifungu cha kumi kikampa katibu ufunguo wa kabati. Walipouliza nani katika London nzima si wa upande wowote, vichwa vyote viligeuka mahali pamoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nisimdhulumu mtu, mseto ule ulifanya kazi. Wale wanane wakaanza kuitana mawaziri, kwa utani kwanza, baadaye bila utani. Palikuwa na waziri wa makaburi, waziri wa waoshaji, waziri wa wali wa hitima aliyejiona mkubwa kuliko wote. Jaffar akawa waziri wa hospitali, kazi yake kukimbilia vyeti na ruhusa ya kutoa maiti. Miaka mitatu, na hakuna maiti hata mmoja aliyelala zaidi ya siku mbili. Akifa Mpemba, watu wa Mjini wanachimba. Akifa mtu wa Mjini, Wapemba wanaosha. Ukiwaona makaburini huwezi kujua waliwahi kurushiana viti.

Lakini vyeti huwataka watu wawili, waziri wa hospitali na katibu. Basi Bi Sheikha na Jaffar wamekaa pamoja katika kumbi za hospitali nyingi, viti vya plastiki, chai ya mashine isiyokuwa na ladha ya chai. Mwanzo walizungumza habari za marehemu. Baadaye wakazungumza habari za walio hai. Jaffar akajua kwamba Bi Sheikha hapendi lifti, na Bi Sheikha akajua kwamba Jaffar huzungumza na waya anapozifunga. Siku moja Jaffar alimwambia, "Nina deni... hapana, si deni, nina sanda yako. Nataka kukununulia nyingine."

"Usininunulie sasa, bado sijataka kufa," Bi Sheikha akamjibu.

"Nikuletee lini basi?"

Sijui alipata wapi ujasiri, mwanamke wa miaka hamsini na sita wakati ule, mbele ya mlango wa chumba cha maiti. Alisema, "Siku utakayoleta posa, ilete na sanda."

Jaffar alitoa simu mfukoni. Kisha akasema, "Kaka yako wa Wete, ile namba yake ni ile ile?"

Bi Sheikha alirudi nyumbani siku ile akakaa sebuleni na koti mwilini. Alikuwa na furaha, na furaha ilimtisha, kwa kuwa alikijua kifungu cha tisa kuliko mtu yeyote duniani. Ndoa. Neno lile lilikuwamo, na aliyelitia ni yeye, kwa hati nzuri.

Alijaribu njia zote. Alipendekeza katibu mwingine, binti wa watu, mwanasheria, mtulivu. Mzee Amir akasema bibi yake ni wa Mjini. Bi Sheikha akampendekeza mwingine. Bi Zahra akasema huyo anakula daku kwa Wapemba. Akawataja watano, wote wakakataliwa na huyu au yule, na kila walipomkataa mtu walimgeukia yeye kwa mapenzi mengi. "Wewe ndiye mboni ya jicho letu," Mzee Amir alimwambia. Alifikiri kuolewa kimya kimya. Alicheka peke yake, kwa sababu Bi Zahra angejua kabla sheikh hajamaliza hotuba. Alifikiri kujiuzulu tu na liwalo na liwe. Binti yake alimwambia kwenye simu, "Mum, just resign, si unaandika barua tu?" Akaketi kuiandika. Kila alipofika kwenye neno naondoka, aliwaona watu wakibeba kabati upande mmoja, na mtu amesimama mlangoni siku ya nne. Akaifuta.

Hivyo ndivyo alivyoishi mwaka mzima. Posa ikangoja Harrow, yeye akangoja Walthamstow, na katikati reli zote za London. Kwenye mikutano walikaa mbali, yeye kichwani mwa meza na daftari, Jaffar mkiani, wakiitana bwana na bibi. Alianza kulichukia lile kabati. Ufunguo wake ulikuwa mdogo, wa shaba, na alihisi uzito wake mkobani hata alipokuwa sokoni anachagua bamia.

Kisha, mwezi wa pili mwaka huu, Harish akamwita kutoka meza ya pili. Harish ni mzaliwa wa Mombasa, mkaazi wa Harrow, mwenye meza ya Kanada, na Kiswahili chake hakijapata kutu.

"Mama Sheikha, huyu waziri wako wa maji si amekuponyoka?"

Kweli. Yule mwanamke asiye na chama, katika lile jimbo, alikuwa amejiuzulu asubuhi yao. Bi Sheikha aliisoma habari ile mara mbili. Akajua mseto umeanguka, kwa hiyo akafungua ukurasa mpya akiwa tayari kufuta baraza zima. Akangoja. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu hakuna. Siku ya nne baraza liliapishwa upya mbele ya gavana wa jimbo, watu wale wale, wizara zile zile, isipokuwa maji yamekwenda kwa mkulima mmoja mwenye masharubu. Mseto ulikuwa mzima kama jana.

Aliutafuta mkataba wao wa sasa akausoma neno kwa neno. Kile kifungu hakikuwamo. Walikiondoa wenyewe mwaka wa kwanza tu, miezi mitano baada ya kukiandika, kwa makubaliano ya alasiri moja. Yeye alichukua ule mkataba wa mwanzo, akaupeleka juu ya duka la mazulia, na hakurudi tena kuuangalia, yeye ambaye kazi yake ni kuangalia kilichobadilika. Miaka minne amefungwa kwa kamba ambayo wenyewe wameshaitupa.

"Harish," alisema, "mimi ni mjinga."

"Sisi wote, mama. Lakini leo unacheka."

Alikuwa anacheka kweli. Alikwenda msalani akalia kidogo, akanawa uso, akarudi akamwandikia Jaffar: Jumapili uje mapema.

Jumapili ile walikuja wote wanane. Bi Sheikha aliomba kifungu cha tisa kifutwe. Kanuni ilitaka kura sita kati ya nane, kwa sauti, katibu anaita jina na mwenye jina anajibu. Alisimama na karatasi zake akaeleza yote. Waziri wa maji alivyotoka, baraza lilivyoapishwa upya, kifungu kilivyofutwa zamani. "Wenyewe waliotuazima hawakitumii tena," alisema. "Na mimi, ndugu zangu, nimechoka. Nataka niweze kuondoka kama mtu mwingine." Hakumtaja Jaffar, na hakuna mle ndani ambaye hakumfikiria Jaffar.

Mzee Amir alipangusa miwani yake taratibu.

"Mwanangu Sheikha," alisema, "mie n'kuulize. Wale watu wa Australia wakivunjana, huenda wapi?"

"Huenda kwenye uchaguzi, mzee."

"Ahaa. Basi wale hawazikani. Wanaweza kufuta watakacho. Sie tunazikana."

Bi Zahra, ambaye tangu ndoa yake ya kwanza hajakubaliana na Amir Hilali juu ya jambo lolote, alisema, "Leo mzee kasema kweli."

Bi Sheikha akaanza kuita majina. Mzee Amir, hapana. Bi Zahra, hapana. Wa tatu, waziri wa wali, akamtazama Bi Sheikha akasema ndiyo. Wa nne ndiyo. Wa tano ndiyo, na wa sita, na wa saba akasema, "Ndiyo, mwacheni mwanamke wa watu apumue." Kura tano zilikuwa mkononi. Imebaki moja, na jina la mwisho kwenye orodha, kama siku zote, lilikuwa la waziri wa hospitali. Watu wakaanza kutabasamu. Wa wali alikwisha kunyanyua mikono kama anayetaka kupiga kigelegele.

"Bwana Jaffar Suleiman," Bi Sheikha akaita, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Jaffar alisimama. Alikuwa amevaa kanzu mpya. Aliutazama mlango, akaitazama meza.

"Hapana," alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Bi Zahra akamwambia, "Wewe umesikia swali?"

"Nimesikia. Mimi ndiye niliyekaa siku nne," Jaffar alisema. "Nyinyi mnasema mtapatana tu. Hamkuwa mlangoni. Mzee Amir anajua na Bi Zahra anajua, mikono yao ikifunguliwa watarudi kule kule. Mimi siwezi. Kifungu kibaki." Akaketi, machozi yakimtoka, hakuyapangusa.

Bi Sheikha aliandika. Ndiyo, watano. Hapana, watatu. Akaandika majina ya watatu, la Jaffar la mwisho, na hati yake haikupinda. Kwa kawaida yao, kabla ya dua katibu husoma uamuzi kwa sauti na kuuliza mara moja kama kuna mwenye kusahihisha. Akasoma: kifungu cha tisa kimebaki kama kilivyo, katibu ni yule yule.

"Kuna mwenye kusahihisha?"

Waziri wa wali aliishusha mikono yake.

"Kuna mwenye kusahihisha?" aliuliza mara ya pili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikuwa akimtazama mtu mmoja tu. Jaffar aliinamisha kichwa. Mzee Amir akaanza dua, ndefu, akawaombea waliotangulia na watakaofuata.

Watu walipotoka, Jaffar alibaki akipanga viti. Bi Sheikha alikuwa kwenye kabati anarudisha daftari rafu ya juu. Alijiona mzee ghafla, na alikuwa na hasira, na ubaya wa hasira ile ni kwamba hakuweza kusema Jaffar amekosea.

"Sheikha," Jaffar alisema nyuma yake. Hakuwahi kumwita hivyo mle ndani. "Sikukukataa wewe. Mimi nitangoja. Mambo yakitulia, miaka miwili, mitatu..."

"Ile sanda yangu," Bi Sheikha alisema bila kugeuka.

"Naam?"

"Ile niliyomvika mkeo. Uliniahidi nyingine. Niletee."

"Na posa je?"

"Posa acha. Sanda uilete wiki hii."

Akalifunga kabati, akalijaribu kama limefunga, akautia ufunguo mkobani, akateremka ngazi kwenda kungoja basi.